Kisiwa cha Moroko

Mtu wa Brussels akiulizwa njia ya kwenda Moroko hatafuti maneno. Atakuambia: panda ndege asubuhi, na alasiri utatembea katika mitaa ya Marrakech, au kama una motokaa, elekea nayo kusini, katiza Ufaransa na Hispania mpaka bandari ya Algeciras, ingia katika feri, na kwa muda wa saa moja na nusu hivi utashuka katika ardhi ya Afrika. Muulize swali lilo hilo mtu wa Tlemcen. Tlemcen ni mji wa Aljeria, na kutoka huko mpaka wa Moroko ni mwendo wa saa moja hivi kwa motokaa. Mtu huyo kwanza atanyamaza. Kisha atakueleza kwamba njia yake ni kuupa mpaka kisogo, asafiri mashariki hadi Tunis au avuke bahari hadi Ulaya, na kutoka huko apande ndege nyingine imrudishe magharibi, ashuke Casablanca, halafu ashike safari ya nchi kavu kurudi tena mashariki mpaka Oujda, mji ulio kilomita 15 tu hivi kutoka mpaka ule alioupa kisogo. Safari ya asubuhi moja imekuwa safari ya siku mbili, na nauli ya basi imegeuka nauli ya ndege mbili.

Vitabu vya wasafiri husema kwamba Moroko ni nchi nyepesi kufika kuliko nchi zote za Afrika Kaskazini. Nakusudia kulipinga neno hilo, wala si kwa kuwa ni uwongo mtupu. Ni kweli kwa mtu mmoja na uwongo kwa mwingine, na walioandika vitabu hivyo walimwuliza mtu mmoja tu. Nchi haifikiki kwa wepesi ikiwa mgeni wa mbali huingia kwa furaha na jirani wa ukuta mmoja hawezi kubisha hodi. Ukiitazama ramani utaona Moroko imeshikamana na bara la Afrika kwa maelfu ya kilomita. Ukizitazama njia za watu utaona kisiwa.

Kwanza tuipe haki njia ya bahari, maana ni njia nzuri na ina sifa zake. Mlango wa bahari wa Gibraltar, pale ulipo mwembamba kabisa, una upana wa kilomita 14 hivi. Mwanafunzi wa Mombasa aliyezoea feri ya Likoni asidhani kwamba ni mchezo ule ule wa kuvuka kwa dakika chache, lakini siku ya mwanga mwema mtu wa Tarifa huiona milima ya Moroko waziwazi kama aonavyo jirani nguo zilizoanikwa ng'ambo ya uchochoro. Kutoka Tarifa feri ya mwendo wa kasi hufika Tangier kwa saa moja hivi, nayo hutia nanga karibu na mji wa kale. Feri za Algeciras huenda bandari mpya ya Tanger Med, ambayo ilifunguliwa mwaka 2007, yapata kilomita 40 mashariki ya mji. Kutoka Almería ziko feri za kwenda Nador. Na asiyetaka kuendesha motokaa kupita Hispania yote aweza kupanda meli kubwa Sète, katika Ufaransa, au Genoa, katika Italia, akalala baharini siku mbili hivi, akaamka Tangier.

Kila mwaka, toka katikati ya Juni mpaka katikati ya Septemba, njia hii huwa kama mto uliofurika. Wamoroko waishio Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani na Hispania hurudi kwao kuwaona wazee. Motokaa hupangwa bandarini kwa maelfu, na juu ya kila moja pamefungwa magodoro, baiskeli za watoto, majokofu na mabegi yasiyohesabika. Mtu hustaajabu gari linasimamaje. Wengi wamekwisha kwenda zaidi ya kilomita 2,000 kabla hawajaiona bahari. Katika miaka ya karibuni waliovuka majira hayo wamepita milioni tatu, ukihesabu wanaokwenda na wanaorudi. Serikali mbili, ya Hispania na ya Moroko, hushirikiana kuwapokea: huweka madaktari, vivuli, maji ya kunywa na watu wa kuelekeza. Moroko kazi hiyo huiita Marhaba, yaani karibu.

Sipingi ukarimu huo. Nausifu. Nataka tu uuweke moyoni, kwa sababu unathibitisha jambo moja kubwa: serikali zikitaka watu milioni tatu wavuke mpaka kwa amani katika miezi mitatu, watu hao huvuka. Ukisikia baadaye kwamba mpaka mwingine hauwezi kufunguliwa kwa sababu ya taabu za ukaguzi, ukumbuke magodoro ya Algeciras.

Njia ya anga haina haja ya maneno mengi. Casablanca, Marrakech, Agadir, Fez na Tangier zote zina viwanja vya ndege vya kimataifa, na tangu Moroko ilipotia sahihi mapatano ya anga na Umoja wa Ulaya mwaka 2006, ndege za nauli nafuu zimejaa kama mbayuwayu. Katika mwaka 2024 Moroko ilipokea wageni zaidi ya milioni 17. Akishafika, mgeni hukuta gari la moshi lisilokuwa na moshi: tangu Novemba 2018 gari liitwalo Al Boraq limekuwa likikimbia kati ya Tangier na Casablanca kwa saa mbili na dakika chache, na katika sehemu ya njia mwendo wake ni kilomita 320 kwa saa. Lilikuwa la kwanza la namna yake katika Afrika. Hapana nchi inayojenga vitu hivi ikiwa haipendi wageni.

Sasa geuka utazame mashariki.

Katika Agosti 1994 watu wenye silaha waliishambulia hoteli moja ya Marrakech na kuwaua watalii. Serikali ya Moroko ilishuku mkono wa jirani, ikawawekea Waaljeria sharti la viza. Aljeria ilikasirika, ikaufunga mpaka wote wa nchi kavu, mpaka wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,500. Moroko iliondoa sharti lile la viza mwaka 2004, na Aljeria nayo ikafanya vivyo hivyo mwaka uliofuata, lakini lango halikufunguliwa. Katika Agosti 2021 Aljeria ilivunja uhusiano wa kibalozi, na mwezi uliofuata ikaifungia anga yake kila ndege ya Moroko. Mwaka 2024 iliwarudishia Wamoroko viza. Mtoto aliyezaliwa Oujda siku lango lilipofungwa leo ni mtu mzima aliyepita miaka 30, yamkini ana watoto wake mwenyewe, na huenda hajapata kumwona shangazi yake aliyeolewa Maghnia, mji wa Aljeria ulio upande wa pili tu wa mpaka.

Usidhani kwamba njia hazipo. Zipo, na hilo ndilo linalotia uchungu. Reli ilikwisha kujengwa zamani kutoka Moroko kupita Oujda, Tlemcen, Oran na Algiers mpaka Tunis, na watu waliisafiria. Moroko imeleta barabara yake kubwa ya motokaa kutoka Fez mpaka Oujda tangu mwaka 2011. Aljeria nayo imejenga barabara kubwa ya zaidi ya kilomita 1,200 ikiikata nchi nzima toka mashariki hadi magharibi. Barabara mbili bora, kila moja imegharimu mali isiyo kifani, zinakaribiana mpakani kama ndugu wawili waliogombana mezani, kila mmoja akitazama sahani yake.

Na wakati huo huo serikali za Moroko na Hispania zina mapatano, tangu mwaka 1980, ya kuchunguza namna ya kuziunganisha nchi zao kwa njia ya kudumu; shauri linalotajwa ni handaki la reli chini ya bahari, mahali penye kina cha mita 300 hivi. Wahandisi wamechoka kuchora. Sisemi shauri hilo ni baya. Nasema kwamba mtu anayefikiri kutoboa mwamba chini ya bahari ili amfikie jirani wa kaskazini, ilhali jirani wa mashariki yuko ng'ambo ya lango lenye kufuli tu, amesahau kuhesabu gharama ya kufuli.

Watetezi wa mpaka uliofungwa wana hoja, nami sitazificha. Ya kwanza ni usalama. Husema kwamba lango likifunguliwa vitapita bangi, silaha, na magendo ya kila namna. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama magendo yangalikoma lango lilipofungwa. Hayakukoma, yalinenepa. Kwa miaka mingi petroli ya Aljeria, ambayo bei yake ni ya chini, ilivushwa usiku mpaka Moroko kwa magari na kwa migongo ya punda, na inasimuliwa kuwa punda hao walifundishwa njia hata wakaweza kwenda na kurudi bila mtu. Biashara hiyo ilikuwa kubwa hata ikazilazimu serikali kufanya kazi mpya: tangu mwaka 2013 Aljeria ilichimba mahandaki mpakani, na mwaka 2014 Moroko ikaanza kujenga ua wa chuma. Basi, msomaji, tafakari. Kwa miaka 20 mwalimu hakuweza kupita, mgonjwa hakuweza kupita, bibi harusi hakuweza kupita, punda alipita. Lango lililo wazi lina askari wa forodha, lina mizani, lina daftari la majina. Lango lililofungwa lina punda.

Kulikuwa na kitu kingine kilichopita, tena kwa idhini ya wakubwa. Katika mwaka 1996, miaka miwili baada ya mpaka kufungwa, bomba kubwa la gesi lilifunguliwa kutoka mashapo ya Aljeria, likapita katika ardhi ya Moroko, likavuka bahari mpaka Hispania. Gesi ilisafiri kwa njia hiyo mpaka mwisho wa Oktoba 2021. Kwa robo karne, basi, serikali mbili zilizosema kwamba haziwezi kuaminiana hata kwa abiria wa basi moja ziliaminiana kwa bomba lenye thamani kuu. Gesi haikuombwa pasi. Niambie sasa kama kilichokosekana kilikuwa uwezo au nia.

Hoja ya pili ni ya heshima ya taifa. Aljeria husema ilitukanwa mwaka 1994, na mwaka 2021 ilitaja makosa mengine ya Moroko, pamoja na maneno ya mjumbe wake katika Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa Kabylie. Moroko nayo husema Aljeria inawasaidia wapiganaji wa Polisario katika shauri la Sahara Magharibi, nchi ambayo Moroko inaidai kuwa yake na ambayo Umoja wa Mataifa haujalimaliza shauri lake. Haya ni mambo mazito, wala kijana asiyachukue kama ugomvi wa watoto. Lakini heshima ya taifa inakuaje kubwa kwa kumzuia mzee asimzike dada yake? Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, nasi tumelisema hilo hata limekuwa kama salamu. Laiti tungaliuliza mara moja tembo wamepata nini.

Historia yenyewe inaikataa hoja hii. Mwaka 1325 kijana wa Tangier mwenye umri wa miaka 21, jina lake Ibn Battuta, alitoka kwao peke yake kwenda kuhiji Makka. Hakuna ndege, hakuna reli. Alishika njia ya mashariki, akafika Tlemcen, akaendelea mpaka Bijaya, Constantine na Tunis, na kutoka huko dunia ikamfungukia. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba wafalme wa Fez na wafalme wa Tlemcen siku zile walikuwa maadui wa kweli kweli, si wa kurushiana barua. Jeshi la Fez lilikuwa limeuzingira mji wa Tlemcen kwa miaka minane, toka 1299 mpaka 1307. Ibn Battuta alikuwa mtoto mchanga wakati huo. Na juu ya uadui huo, msafiri alipita. Alipofika Constantine mvua ilikuwa imemharibia nguo, na mkuu wa mji alipoziona alimpa kitambaa kizuri kilichofungwa dinari mbili za dhahabu pembeni. Hakumwuliza mfalme wako nani. Miaka sita baadaye kijana huyo huyo alilala usiku mmoja Mombasa, akaendelea na safari yake mpaka Kilwa.

Weka kisa hicho cha Constantine kando ya kingine cha mji ule ule. Katika Januari 2023 Aljeria ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya mpira ya Afrika, yale ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Moroko ndiyo iliyokuwa imelishika kombe, tena mara mbili mfululizo, na timu yake ilipangiwa kucheza Constantine. Iliomba iende kwa ndege ya shirika la nchi yake moja kwa moja kutoka Rabat. Ruhusa haikutolewa. Wakuu wa mpira wa Moroko nao hawakukubali kuzunguka kwa njia nyingine. Timu ikabaki kwao, na mabingwa wakavuliwa ubingwa bila kupigwa teke hata moja. Sitasema ni nani aliyekosa zaidi; mmoja alifunga mlango na mwingine akakataa dirisha. Katika Agosti 2025 mashindano hayo yalipofanywa Kenya, Tanzania na Uganda, Moroko ilikuja Nairobi, ikafungwa na vijana wetu bao moja kwa bila katika uwanja wa Kasarani, ikajikusanya, na mwisho wa mwezi ikalitwaa kombe katika uwanja ule ule. Basi timu ya Moroko ilifika Kasarani, kutoka pembe moja ya bara mpaka upande wa pili, na haikuweza kufika mji wa jirani yake ambao kijana wa mwaka 1325 aliufikia akiwa na homa na nguo zilizolowa.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa na watu wa mjini, nayo husemwa kwa tabasamu: siku hizi ndege imemaliza mambo, nani anahitaji mpaka wa nchi kavu? Husemwa na wenye nauli. Ndege ni chombo cha mtu aliyepanga safari mwezi mzima kabla, mwenye kadi ya benki na mzigo uliopimwa. Basi na gari la moshi ni vyombo vya mama mwenye kikapu cha mayai, vya mwanafunzi, vya fundi anayetafuta kazi wiki hii, vya mtu aliyepigiwa simu usiku kwamba baba yake hali yake si nzuri. Nchi mbili zikiachiana anga peke yake zimewachagua matajiri wao waonane na maskini wao wasahauliane. Na hapa hata hiyo anga haipo: ndege iliyokuwa ikitoka Algiers kwenda Casablanca kwa saa mbili hivi ilikoma, na ndege ya Moroko iendayo Tunis au Cairo hulazimika kuzunguka juu ya bahari.

Wako pia watakaosema kwamba haya ni mambo ya Waarabu wa mbali, mwanafunzi wa Kenya anayasomea nini? Waulize babu zako. Katika Februari 1977, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Reli iliyokuwa moja iligawanywa, ndege zilizokuwa za wote zikagombewa, na jamaa waliokaa pande mbili za Namanga, Taveta na Lungalunga wakawa wageni wa kutiliwa shaka. Sababu zilizotolewa wakati ule zilikuwa zile zile: heshima, mali, na siasa zisizopatana. Mpaka ulipofunguliwa sababu hizo hazikuwa zimekwisha zote. Wakubwa waliketi Arusha wakagawana madeni na mali, wakafungua, na mengine yakaendelea kuzungumzwa mpaka wazi. Yetu ilidumu miaka karibu saba tukaiona mirefu. Ya wenzetu imepita 30.

Kuna upande wa kusini, nao nitautaja kwa ufupi. Barabara hushuka kutoka Agadir, ikapita jangwa la Sahara Magharibi mpaka kituo cha Guerguerat, na kutoka hapo huingia Mauritania. Malori ya mboga na matunda huipita kila siku kwenda Nouakchott na Dakar. Ndiyo njia ya pekee ya motokaa inayoiunganisha Moroko na Afrika nyingine, nayo hupita katika nchi yenye mgogoro: katika Oktoba 2020 waandamanaji waliifunga, mwezi uliofuata jeshi la Moroko likaja kuifungua, na Polisario wakatangaza kwamba mapatano ya mwaka 1991 ya kusimamisha vita yamekwisha. Njia ya pekee iliyotundikwa juu ya ugomvi si njia ya kutegemewa.

Na kaskazini nako, kule nilikokusifu, lango lina macho. Hispania inamiliki miji miwili katika ardhi ya Afrika, Ceuta na Melilla, na mwenye pasi ya Ulaya hupita malango yake kwa miguu akiwa na mkoba wa sokoni. Tarehe 24 Juni 2022 vijana wa Kiafrika, walio wengi wao Wasudani waliokimbia vita, walijaribu kuingia Melilla kwa nguvu. Watu wasiopungua 23 walikufa katika msongamano na mapambano ya hapo. Nchi nyepesi kufika kuliko zote, vitabu vinasema.

Baharini mambo si tofauti. Katika Agosti 2023 vijana kadhaa waliokuwa likizoni katika mji wa pwani wa Saïdia, ambao umepakana na Aljeria, walipotelea gizani na pikipiki zao za majini, wakavuka mstari usioonekana. Walinzi wa pwani ya Aljeria waliwapiga risasi, wakafa wawili. Siku chache baadaye, Septemba 8, tetemeko la ardhi liliua karibu watu 3,000 katika milima ya Moroko. Aljeria ikasema itaifungua anga yake kwa ndege za msaada na za majeruhi, ikatoa na vikosi vya uokoaji. Moroko ikajibu kwamba haina haja navyo. Nimekwisha kukuambia kwamba sitamwelemea mmoja. Mfalme wa Moroko alitoa wito Julai 2021 mipaka ifunguliwe, na hilo liandikwe upande wake. Anga iliyotolewa wakati wa msiba na ikakataliwa nayo iandikwe.

Tarehe 17 Februari 1989, mjini Marrakech, wakuu wa Moroko, Aljeria, Tunisia, Libya na Mauritania walitia sahihi mkataba wa Umoja wa Kiarabu wa Maghreb, nao ulitaja waziwazi nia ya watu na bidhaa kupita bila vizuizi. Mkataba huo haujafutwa. Haihitajiki basi kuandika ahadi mpya. Inahitajika mtu wa kuisoma ya zamani kwa sauti.

Wala sidai kwamba lango lote lifunguliwe kesho alfajiri, malori yapite na reli ianze kunguruma. Nadai jambo dogo. Kati ya Oujda na Maghnia kipo kituo kiitwacho Zouj Bghal. Katika Februari 2009 kilifunguliwa kwa msafara wa magari yaliyochukua misaada ya Gaza. Msafara ulipita, magari yakahesabiwa, na hakuna serikali iliyoanguka. Tangu hapo kimefunguliwa mara kadhaa kwa muda mfupi, kuwapokea wahamiaji waliorudishwa kwao au kupokea maiti. Kifunguliwe siku moja kwa juma, kwa watu waendao kwa miguu tu, waliotimiza miaka 60 na wenye ndugu upande wa pili. Wapekuliwe, waandikwe, wapewe saa ya kurudi. Mifugo yao, petroli yao na bendera zao waziache nyumbani. Anayepinga hata hilo na atuambie, mbele ya wazee wa Oujda na Maghnia, kwa nini jeneza limeruhusiwa kupita hapo na mwenye nyumba ya kulipokea hakuruhusiwa kulifuata angali hai.